Mliozoea baridi ya Njombe, mnakulaje Juni na Julai? Mwaka jana ilinishinda

BintiPangani (Mei 18)

Habari zenu wakuu. Wakubwa shikamooni.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, kwetu Pangani. Januari mwaka jana nilihamishiwa Njombe, nikafika mvua inanyesha usiku na mchana. Mama mwenye nyumba akawa ananifariji: "Vumilia mwalimu, masika itaisha, kiangazi kinakuja." Nikajiuliza masika gani ya Januari, maana kwetu masika ni Machi mpaka Mei. Lakini hilo neno kiangazi lilinipendeza. Kwetu kiangazi ni kaskazi inavuma, jua la utosi, watu wanalala barazani. Nikawa nahesabu miezi kama mtoto anayesubiri Idi. Mwezi wa tano mvua ikakata kweli. Asubuhi moja ya Juni nafungua mlango nakuta nyasi za uani nyeupe kama zimemwagiwa unga. Umande umeganda, wanaita sakitu. Kumbe huku wakisema kiangazi wanasema mvua haipo, basi. Habari ya joto hakuna aliyeniahidi.

Ulaji wangu ukaharibika kuanzia hapo. Asubuhi chai ya maziwa vikombe viwili na maandazi manne. Saa nne shuleni chai tena. Mchana ugali. Nikirudi nyumbani natetemeka, nakaanga viazi. Saa tatu usiku, nimeshaingia kitandani na soksi na kilemba, njaa inanishika kama sijala tangu juzi. Nainuka nasonga ugali, nakula na blanketi mabegani, nalala tumbo limejaa. Maji ya kunywa sikuyagusa, kile kidumu cha maji asubuhi kilikuwa kama kimetoka kwenye friji. Matunda ndiyo kabisa. Machungwa yapo sokoni, tena mengine ya kwetu Muheza, lakini ukilimenya meno yanalia.

Matokeo yake: choo kikawa kigumu, nitakaa siku tatu, mara nne. Kichwa kinaniuma kila jioni. Uzito zahanati mwezi wa nne ulikuwa kilo 63, mwezi wa nane nikakuta 70.

Nikasema nitajirekebisha kwa kupika vya nyumbani. Nikanunua nazi kwa bei ya kuumiza, nikapika wali wa nazi. Wakuu, sijafika nusu ya sahani, mafuta ya tui yameganda juu ya wali, ulimi umepakwa kama mshumaa. Ndipo nikakumbuka hata mafuta yangu ya nazi ya nywele tangu Mei yamekuwa jiwe, nayachokoa kwa kijiko.

Kinachonishangaza ni kwamba kwetu pia misimu inabadilika na hatukuwahi kuhangaika hivi. Kusi ikianza, ngalawa zinashindwa kutoka, samaki wabichi wanaadimika na bei inapanda, bibi anashusha ng'onda na papa mkavu aliowaweka juu ya dari tangu kaskazi. Tunakula kunde, muhogo, mchunga. Kaskazi ikirudi, samaki tele, embe tele, mtu mchana anakula embe tatu na hana habari ya ugali. Hakuna aliyekaa akapanga. Bahari inapanga, wewe unafuata. Huku sijui nani anapanga. Sokoni naona vitu vingi mwaka mzima na bado sijui nile nini.

Juni inakuja tena. Nisaidieni: mnakula nini na saa ngapi hadi mnapitisha ile miezi bila kuishi jikoni? Maji mnayanywaje? Na mboga za majani mnazipata wapi mvua ikishakata, maana mwaka jana nilikula kabichi hadi nikaichukia.

---

KichwaNgumu (Mei 18)

Mwalimu nunua sweta la mtumba na koti, chakula ni kilekile. Ukizidiwa kuna kinywaji cha chupa ndogo, vifuniko viwili kabla ya kulala, baridi utaisikia kwenye redio.

---

BintiPangani (Mei 18)

Kaka sweta ninazo tatu na nazivaa zote kwa pamoja. Hizo chupa ndogo mimi situmii. Nimeuliza chakula.

---

MamaWaVinyungu (Mei 19)

Kamwene mwalimu. Mimi ni Mbena wa hapahapa Njombe, nimezaa watoto wanne na wote wamepita katika hiyo Juni unayoiogopa.

Kwanza nikutoe wasiwasi, kilo saba hizo si ugonjwa, umeanza kufanana na sisi. (Natania. Zile za ugali wa saa tatu usiku zishushe.)

Kosa lako ni saa. Wewe unakula baridi ikishakuingia. Sisi tunakula kabla. Chakula kizito cha nyumba hii ni cha asubuhi na cha alasiri. Asubuhi viazi vya kuchemsha na maganda yake, au magimbi, au boga, na uji wa ulezi. Andazi linakudanganya saa moja halafu linakuacha njiani. Kiazi kinakufikisha saa sita. Alasiri, jua bado lipo, ndiyo makande au ugali na maharage. Ukifika usiku umekula tayari, unakunywa kitu cha moto unalala. Ule ugali wako wa kitandani ulikuwa unalipa deni la mchana.

Makande, loweka tangu jana yake. Najua watu wa pwani mnapika maharage mnaona yanaiva upesi. Huku usitegemee hivyo. Tuko karibu mita 2,000 juu ya bahari, maji yanachemka kabla hayajawa moto wa kutosha. Mwanangu alinieleza, yeye amesoma: kwenu Pangani maji yanachemka kwenye nyuzi 100, huku 93 hivi. Ndiyo maana maharage yanakaa jikoni saa tatu na bado yanakutazama. Usiweke chumvi ukafikiri utayaharakisha. Loweka.

Mboga. Umekaa Njombe mwaka mzima hujaambiwa vinyungu? Mvua ikikata, mlimani panakauka, lakini mabondeni chini kuna unyevu. Tunalima huko matuta, ndivyo vinyungu. Juni na Julai mboga zinatoka huko: figiri, chainizi, kabichi, njegere. Majani ya maboga na maharage yakipigwa na sakitu yanaungua usiku mmoja, yanakuwa meusi kama yamemwagiwa maji ya moto. Figiri na kabichi zinavumilia. Kwa hiyo usiende soko kuu mchana. Nenda asubuhi kwa akina mama wanaopandisha mboga kutoka bondeni, muulize mmoja kinyungu chake kiko wapi, jiwekee kwake. Mimi ninao walimu wawili ninaowapelekea.

Na ulanzi, ile pombe ya mianzi, msimu wake umeshapita, umeisha na mvua, usije ukadanganywa.

---

MuuguziMstaafu (Mei 19)

Marahaba mwanangu mwalimu. Nimefanya kazi wodini miaka mingi, sehemu yake Makete ambako Njombe wanaiona pwani. Nikuongezee aliyosema mama hapo juu.

Huyo aliyekushauri chupa ndogo msamehe. Pombe inafungua mishipa ya ngozini, damu ya moto inakimbilia nje, mtu anahisi ameota moto kumbe joto la ndani ndilo linatoka. Nimepokea watu waliolala njiani kwa ushauri huo.

Kiu kwenye baridi inapungua, lakini mwili unaendelea kutoa maji. Hata pumzi yako ile unayoiona kama moshi asubuhi ni maji yanaondoka. Na baridi inakupeleka chooni mara kwa mara. Kichwa chako cha jioni na choo chako kigumu nadhani mkosaji ni yule kidumu. Usimngoje akuvutie. Chemsha maji asubuhi, jaza chupa ya chai, ya lita moja na nusu au mbili, ukate ndimu ukipenda au kipande cha tangawizi. Nenda nayo shuleni. Iwe tupu kabla ya kengele ya mwisho.

Sasa sukari. Vikombe vyako, pamoja na vile usivyovitaja, mimi nadhani havipungui vinne au vitano kwa siku. Vijiko vingapi kwa kikombe? Kama ni vitatu, kwa vikombe vitano ni vijiko kumi na vitano, karibu gramu 60, kabla ya andazi. Shirika la Afya Duniani linasema sukari ya kuongeza isizidi sehemu ya kumi ya nguvu unayokula kwa siku, kama gramu 50 kwa mtu mzima wa kawaida, na ikishuka hadi 25 ni bora zaidi. Punguza kijiko kimoja kila wiki, usikate kwa siku moja, utajikuta una hasira darasani.

Chai pia usiinywe juu ya maharage na mboga za majani. Majani ya chai yanazuia madini ya chuma yaliyomo humo yasiingie mwilini. Subiri saa moja hivi. Kwa mwanamke anayepata siku zake hilo ni muhimu. Chungwa ndilo linalosaidia chuma kuingia, kwa hiyo usilikimbie. Liweke kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu dakika kumi, au ule saa saba ukiwa juani. Jua la Njombe la Juni ni kali ukilifuata.

Jambo la mwisho halihusu chakula lakini nalisema kila mwaka. Ukimaliza kupika, jiko la mkaa litoke nje. Usilale nalo chumbani eti lipashe. Hewa yake haina harufu, na haiamshi mtu.

---

BintiPangani (Mei 19)

Mama, vijiko ni vitatu. Na kikombe ni kile kikubwa cha bati. Naona aibu.

Hilo la jiko nashukuru, mwaka jana nilifanya hivyo usiku mmoja na niliamka kichwa kinapasuka. Sikujua.

---

NgoshaWaMisungwi (Mei 20)

Mwalimu, mimi ni Msukuma, baridi yenu siijui. Kwetu tatizo ni ukame. Lakini nimesoma swali lako nimeona umeliuliza mwezi wa tano wakati jibu lake lilikuwa mwezi wa tatu.

Kwetu mvua ikiwepo majani ya kunde yanajaa hadi ng'ombe wanachagua. Mama zetu wanayachuma, wanayachemsha kidogo, wanayaanika. Hiyo ni nsansa. Viazi vitamu vikivunwa vinakatwa vipande vinaanikwa, hiyo michembe. Vikichemshwa kwanza ndipo vianikwe, matobolwa. Kiangazi kikija hakuna jani shambani, mama anatia mkono kwenye gunia. Nsansa na karanga, ugali wa udaga wa muhogo pembeni. Ile michembe unaichemsha na karanga au unaitafuna hivihivi unachunga ng'ombe.

Bibi yako wa Pangani na ng'onda wake darini ni walewale. Umesema hakuna aliyepanga. Alipanga, ila hakukuambia, ulikuwa mtoto.

Tafuta mbegu za kunde upande mwakani.

---

MamaWaVinyungu (Mei 20)

Ngosha, umesema vizuri ila kunde Njombe zitakuchekea. Zinataka joto. Utapanda, zitaota vijani viwili, zitakaa hapo zinakutazama hadi zife. Huku tunaanika majani ya maboga na majani ya maharage machanga, tunayachuma Februari na Machi. Na uyoga. Mvua za mwanzo uyoga unatoka porini, tunaokota, tunakausha, unakaa hadi Julai. Mwalimu, uyoga usiokote mwenyewe hata kama unafanana na ule uliouona kwangu. Nunua kwa anayeujua.

---

BintiPangani (Mei 21)

Ngosha umenigusa. Nilimpigia mama jana nikamuuliza habari ya dari ya bibi. Akacheka sana. Anasema bibi kuanzia Februari alikuwa anagombana na wavuvi kwa ajili ya nguru wa kupasua, anawatia chumvi mwenyewe, anatuma watoto kufukuza kunguru huku wakianikwa. Mimi nilikuwa mmoja wa hao wa kunguru! Nilidhani ni mchezo.

---

MzeeWaBweni (Mei 23)

Mwanangu, salamu kutoka kwenu, ng'ambo ya mto. Nimevua miaka yote kabla ya mgongo kukataa.

Kusi imeshaanza, samaki huku shida, wewe huko usijidhanie uko peke yako katika dhiki. Sikiliza. Nazi usiache, ila usiilazimishe kwenye wali. Mafuta ya nazi yakiwa chini ya nyuzi 24 hivi yanaganda, hiyo ndiyo tabia yake, wala si nazi mbovu. Tui lako litie kwenye uji wa moto, au kwenye maharage yanayochemka, ule yakiwa bado yanatoa moshi, kidogo kidogo, bakuli dogo, urudie. Ukiweka sahani pana kama ya harusini linapoa mara moja.

Ukija Desemba nenda na nazi zenye makumbi, usinunue zilizofuliwa. Zenye makumbi zinakaa sana, na kwa baridi hiyo zitakaa zaidi. Chukua na ng'onda. Funga vizuri, usije ukatimuliwa kwenye basi Chalinze.

Halafu ukija huku usitafute ugali wa Njombe. Nimesikia kwa mama yako ulivyofanya.

---

BintiPangani (Mei 23)

Mzee shikamoo! Pangani hakuna siri.

Ni kweli. Desemba nilishuka nyumbani, joto limenipiga tangu Morogoro, na tumbo langu bado lilikuwa la Njombe. Saa saba mchana, wenzangu wanakula wali kidogo na samaki wa kuchoma na embe, mimi nikasonga ugali wa mtu mzima nikala wote. Nililala hadi magharibi natweta kama kuku. Siku ya tatu ndipo hamu ikashuka yenyewe, nikarudi kwenye embe.

---

BintiPangani (Juni 27)

Wakuu narudi na mrejesho. Leo asubuhi sakitu imelala uani, na mimi niko mzima.

Nianze na kilichonishinda. Makande ya kulowekwa yaliiva kweli, ila yaliiva kwa mkaa. Wiki ya kwanza nilimaliza gunia dogo nililopanga litanifikisha mwezi. Nikawa sina hela ya mkaa wala nguvu ya kukaa jikoni baada ya kazi. Nikarudi kwenye viazi vya kukaanga siku tatu mfululizo, nakiri.

Mwalimu mwenzangu wa darasa la tatu ndiye aliyenionyesha kapu. Ni tenga la kawaida la mianzi, ndani limejazwa matambara na blanketi kuukuu. Maharage na mahindi yanalowekwa usiku. Naamka saa kumi na moja, nawasha jiko kwa ajili ya maji ya kuoga, makande nayo yanakaa hapo yanachemka sana dakika arobaini. Sufuria ikiwa bado inatokota naifunika, naizungushia taulo, naitumbukiza kwenye tenga, blanketi juu, mto juu ya blanketi. Naenda kazini. Narudi saa tisa na nusu, nafunua, mvuke unanipiga usoni. Mara ya kwanza nilipiga kelele jirani akaja mbio. Mahindi yanabaki na ugumu kidogo, nayachemsha tena nusu saa na kitunguu na karanga za kusaga. Mkaa umepungua sana, safari hii gunia linafika.

Kwa hiyo chakula changu kikubwa sasa ni saa kumi alasiri, nakula nimekaa kwenye ngazi za mbele, jua linanipiga mgongoni. Mama wa Vinyungu, ulisema kweli kuhusu deni. Siku ya kwanza na ya pili saa tatu usiku nilisikia njaa ileile. Nikanywa kikombe cha uji wa ulezi nikajilazimisha kulala. Wiki ya pili njaa haikuja. Nilikuwa namsubiri kama mgeni aliyesema atakuja.

Asubuhi nimeacha maandazi siku za kazi. Viazi vitatu na maganda, chumvi, nusu parachichi. Hilo la parachichi nimeligundua mwenyewe. Huku yamejaa, yale madogo yanayokataliwa na wanunuzi yanauzwa kwa bei ya kuona huruma, na mimi mwaka mzima nilikuwa naagiza nazi kwa gharama nikitafuta mafuta! Parachichi baridi hailigandishi mdomoni. Nalisaga kwenye viazi vya moto na pilipili ya kichaa. Msiwaambie watu wa Pangani.

Chupa ya chai ya maji ya moto inakwenda shuleni. Wanafunzi walidhani nina chai nikawa nawanyima, ikabidi niwamiminie wachache waonje wakakunja uso. Naimaliza siku nyingi, siku nyingine inabaki robo. Choo kimerudi kuwa cha kila siku au siku moja na nusu. Kichwa cha jioni kimeondoka kabisa, na hilo ndilo lililonishangaza kuliko yote, maana nilishaanza kuwaza miwani.

Sukari niko kijiko kimoja na nusu. Hiyo nusu ya mwisho inagombana na mimi.

Uzito leo zahanati kilo 68. Nilianza Mei na 69, kwa hiyo sijapungua cha kuonyesha watu, lakini mwaka jana mwezi kama huu nilikuwa napanda.

Mboga nimepata mama mmoja, kinyungu chake kiko chini ya kanisa, ananiletea figiri Jumanne na Ijumaa. Figiri nilikuwa nainua pua kwa uchungu wake. Nikapika na karanga, nikala naikumbuka mchunga ya bibi, ni uchungu uleule wa kirafiki. Kabichi tumepatana, naila Jumapili tu.

Nina maswali mawili yaliyobaki. Mama wa Vinyungu, majani ya maboga ya kukausha yachumwe yakiwa na ukubwa gani, na yanachemshwa kwanza au yanaanikwa mabichi? Na MuuguziMstaafu, hayo makande ya kapu, yakibaki ya jana naweza kuyala asubuhi?

---

MuuguziMstaafu (Juni 27)

Hongera mwanangu. Ya jana unaweza, mradi jioni hukuyaacha ndani ya tenga. Yakishakuwa vuguvugu muda mrefu vijidudu vinafurahi humo. Ukimaliza kula saa kumi, yaliyobaki yatoe, yapoe upesi yamefunikwa mahali penye baridi, na huko baridi ni ya bure. Asubuhi yachemshe yatokote kabisa, usiyapashe tu. Na zile dakika arobaini za mwanzo usizipunguze hata ukichelewa. Maharage mekundu yasipochemka vizuri yanaharisha watu.

Parachichi nusu inatosha, usifanye mbili kwa sababu ni rahisi.

---

KichwaNgumu (Juni 28)

Mwalimu, hilo tenga mke wangu amelisoma hapa na leo nimetumwa nikatafute. Ukubwa gani?

---

BintiPangani (Juni 28)

Kaka, sufuria yako ikiingia na pande zote ibaki nafasi ya kiganja kizima kwa matambara. Chini pia. Ukibana, joto linatoroka.

---

MamaWaVinyungu (Juni 28)

Mwalimu, majani chuma machanga, yale ya tatu na ya nne kutoka kwenye ncha, yasiwe makubwa kuliko kiganja chako. Yamenye nyuzi kama unavyofanya ya kupika leo. Yatumbukize kwenye maji yanayochemka, hesabu hadi mia taratibu, yaopoe. Anika kivulini penye upepo, siyo kwenye jua kali, yatapauka yawe kama karatasi za mitihani. Yakivunjika mkononi yamekauka. Yaweke kwenye mfuko wa sandarusi ndani ya debe, panya wanayapenda.

Lakini mwaka huu umechelewa, yangu yote sakitu imeyamaliza juzi. Boga lenyewe ninalo, njoo Jumamosi nikupe mawili, mbegu zake usitupe. Utazipanda Novemba, mvua ya kwanza.

---

BintiPangani (Juni 28)

Nakuja Jumamosi. Nije na tenga?

---

MamaWaVinyungu (Juni 28)

Njoo na gunia. Na uje asubuhi, utakula kwanza.